Kuisaidia Nchi Iliyovamiwa: Kati ya Ahadi na Kalenda

Italia ilipoivamia Ethiopia tarehe 3 Oktoba 1935, hakukuwa na ubishi mkubwa kuhusu nani mvamizi na nani mvamiwa. Ndani ya siku chache Ushirika wa Mataifa mjini Geneva, uliotangulia Umoja wa Mataifa, ulitamka kwamba Italia imevunja mkataba, na mwezi uliofuata vikwazo vya kiuchumi vikaanza. Lakini mafuta hayakuwamo kwenye orodha ya bidhaa zilizozuiwa, ingawa bila mafuta malori na ndege za Mussolini zisingesogea. Mfereji wa Suez, uliokuwa chini ya mamlaka ya Uingereza na Ufaransa, ulibaki wazi, na meli zilizojaa askari wa Italia zilipita humo zikilipa ushuru kama meli yoyote ya biashara. Kabla ya uvamizi nchi hizo mbili zilikuwa zimesitisha kuuza silaha kwa pande zote mbili, kwa hoja kwamba hiyo ndiyo haki. Italia ilikuwa na viwanda vyake vya silaha. Ethiopia haikuwa navyo. Addis Ababa ikaanguka Mei 1936, na mwezi Julai, wiki chache tu baada ya Haile Selassie kusimama mwenyewe mbele ya wajumbe na kuwaeleza yaliyowapata watu wake, vikwazo vikafutwa.

Naanzia huko kwa sababu makosa makubwa ya washirika karibu yote yamo ndani ya kisa hicho kimoja: kulaani pasipo kutenda, kuwazuilia silaha wote wawili, kuacha nje ya vikwazo kile hasa kinachomuuma mvamizi, na kuchoka mapema. Tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine kwa jeshi kubwa, baadhi ya makosa hayo yameepukwa na mengine yamerudi yakiwa na sura mpya. Mjadala wenyewe huvurugika haraka, maana ndani yake kuna sheria, viwanda, fedha na hofu, na watu huyazungumza yote kwa pamoja. Nitajaribu kuyatenganisha. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: msaada hupimwa kwa siku unayofika na kwa muda ambao anayepokea anaweza kuutegemea. Ukubwa wa kiasi kinachotangazwa hauwezi kuziba pengo la kuchelewa.

Sheria inaruhusu nini

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya mipaka na uhuru wa nchi nyingine. Ibara ya 51 inaacha mlango mmoja: nchi iliyoshambuliwa kwa silaha ina haki ya kujilinda, peke yake au pamoja na wengine, mpaka Baraza la Usalama lichukue hatua za kurejesha amani. Maneno "pamoja na wengine" ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata. Rafiki wa nchi iliyovamiwa anaweza kisheria hata kupeleka askari wake.

Kuna sharti moja ambalo husahaulika. Mwaka 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi kati ya Nicaragua na Marekani, ilieleza kwamba nchi haiwezi kujiamulia kwamba jirani fulani ameshambuliwa kisha ikaingia vitani kwa jina lake. Aliyeshambuliwa ndiye mwenye kusema kwamba ameshambuliwa, na ndiye mwenye kuomba msaada. Sharti hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu linaweka uamuzi mikononi mwa mvamiwa tangu mwanzo. Washirika wanaingia kama wasaidizi wa ulinzi wa mtu mwingine.

Je, kutuma silaha kunaifanya nchi kuwa mshiriki wa vita? Sheria za zamani za kutofungamana na upande, zile za Hague za mwaka 1907, zilitaka serikali isiyo vitani isimpe silaha yeyote. Lakini zilitungwa wakati ambapo kuanzisha vita hakukuwa kosa. Tangu vita vya uvamizi vipigwe marufuku, wanasheria wengi wanakubali kwamba nchi inaweza kumsaidia aliyevamiwa bila yenyewe kuhesabika kuwa vitani, na kwamba kumtendea mnyang'anyi na aliyenyang'anywa sawasawa ni kumsaidia mnyang'anyi. Marekani ilifanya hivyo waziwazi Machi 1941. Sheria iliyomruhusu Rais Roosevelt kuwapa Uingereza, na baadaye Wasovieti na Wachina, silaha, malori na chakula bila kudai fedha taslimu ilitiwa saini miezi 9 kabla ya Japani kuishambulia Marekani yenyewe huko Pearl Harbor. Kwa jina lake rasmi ilikuwa sheria ya kuimarisha ulinzi wa Marekani yenyewe. Hadi vita vinaisha, vifaa vya takriban dola bilioni 50 vilikuwa vimetolewa, na Wasovieti peke yao walipokea malori na magari madogo ya kijeshi takriban 400,000. Jeshi jekundu liliyahitaji magari hayo kufikisha chakula na makombora mbele kuliko lilivyohitaji hotuba yoyote.

Mfano wa kinyume ni Bosnia. Septemba 1991 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 713 na kuipiga Yugoslavia nzima marufuku ya kuingiza silaha. Bosnia ilipotangaza uhuru mwaka uliofuata, marufuku hiyo iliiangukia nayo. Waserbia wa Bosnia walikuwa wamerithi vifaru na mizinga ya jeshi la zamani la Yugoslavia, na serikali ya Sarajevo ilibaki na bunduki. Marufuku haikuanza kuondolewa mpaka baada ya mkataba wa amani wa Dayton, mwishoni mwa 1995. Kufikia hapo mauaji ya halaiki ya Srebrenica yalikuwa yamekwishatokea.

Hoja kwamba silaha zinarefusha vita

Kuna watu wenye nia njema wanaosema: ukimpa silaha mvamiwa, unarefusha vita na unaongeza maiti. Hoja hii inastahili jibu la kweli. Ni kweli kwamba Ukraine isingepata silaha, mapigano makubwa huenda yangekwisha mapema zaidi. Lakini kuisha kwa mapigano na kuisha kwa mauaji ni mambo tofauti. Majeshi ya Urusi yalipoondoka Bucha, kaskazini mwa Kyiv, mwishoni mwa Machi 2022, dunia iliona miili ya raia mitaani na kwenye makaburi ya pamoja. Bucha ilikuwa mahali ambapo mapigano yalikuwa yamekwisha kwa wiki kadhaa. Raia hao waliuawa chini ya utawala wa mvamizi.

Anayepaswa kupima kama gharama ya kuendelea kupigana inazidi gharama ya kukaliwa ni yule atakayelipa zote mbili. Akisema ametosheka, hakuna mshirika mwenye haki ya kumsukuma aendelee. Akisema bado anataka kujilinda, kumnyima njia ya kufanya hivyo kwa jina la amani ni kumchagulia adhabu.

Silaha zinapofika kwa matone

Hapa ndipo penye somo kubwa la miaka ya karibuni, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Mwezi Juni 2022 Ukraine ilipokea mitambo ya kurushia roketi ya HIMARS kutoka Marekani. Ilikuwa michache, lakini ndani ya wiki chache maghala ya silaha ya Urusi nyuma ya mstari wa mbele yalianza kulipuka, na daraja la Antonivskyi, njia kuu ya kulilisha jeshi la Urusi lililokuwa ng'ambo ya mto Dnipro, likapigwa mpaka likawa halifai kupitisha magari mazito. Tarehe 11 Novemba mji wa Kherson ukakombolewa bila mapigano ya mtaa kwa mtaa. Silaha ile iliwakuta Warusi hawajajipanga. Baadaye walijifunza: wakasogeza maghala nyuma zaidi, wakayatawanya, wakaanza kuvuruga mawimbi yanayoongoza roketi hizo. Nguvu ya mtambo uleule ikapungua.

Baada ya Kherson, Ukraine iliomba vifaru vya Magharibi. Mjadala ulichukua miezi. Ujerumani haikutaka kutangulia, na ilipokubali kutoa Leopard 2 tarehe 25 Januari 2023, siku hiyohiyo Marekani nayo ilitangaza Abrams. Vifaru vilianza kufika mwishoni mwa Februari. Katika miezi hiyohiyo ya baridi, wahandisi wa Urusi walikuwa wanachimba mahandaki na kutega mabomu ya ardhini katika mkoa wa Zaporizhzhia, safu baada ya safu. Ukraine iliposhambulia Juni 2023, vifaru vilikuwapo, lakini mbele yao kulikuwa na mashamba ya mabomu yenye kina cha kilomita, na juu yao hakukuwa na ndege za kuwalinda. F-16 zilikuwa bado kwenye mjadala: Marekani iliunga mkono mafunzo ya marubani Mei 2023, na ndege za kwanza zilitangazwa kuwa zimefika Ukraine Agosti 2024. Makombora ya masafa marefu ya ATACMS yalitumika kwa mara ya kwanza Oktoba 2023, na ruhusa ya kuyapiga ndani ya Urusi ikaja Novemba 2024.

Ukiipanga kalenda hiyo vizuri utaona kitu kinachosikitisha. Karibu kila silaha iliyokataliwa kwa kuwa ni hatari mno ilitolewa mwishowe, na karibu kila moja ilifika baada ya wakati wake bora kupita. Msaada wa namna hii unafanana na dozi ya dawa inayokatwa nusu kila siku: hautoshi kuua kijidudu, lakini unatosha kukifundisha kuishi na dawa.

Hofu iliyosababisha ucheleweshaji huo haikuwa ya kijinga. Urusi ina silaha za nyuklia, na kiongozi anayezipuuza hastahili kuongoza. Ila kuna tofauti kati ya kuogopa na kuacha hofu ipange ratiba. Mvamizi akishajua kwamba kila tishio lake linanunua miezi 6, ataendelea kutishia, maana tishio halimgharimu kitu. Njia yenye busara ni washirika kukaa mapema, kimyakimya, na kuamua ni mambo gani hawatayafanya kabisa (kwa Ukraine, Marekani na NATO ziliamua tangu mwanzo kwamba askari wao hawatapigana na Warusi), kisha kila kilicho nje ya hapo kitolewe upesi na kwa wingi. Mipaka ya namna hiyo mpinzani anaielewa. Mipaka inayosogea kila baada ya miezi michache inamfundisha kwamba kusubiri kunalipa.

Niongeze jambo ambalo watetezi wa Ukraine mara nyingine hulikwepa: silaha hazizai askari. Ukraine ilichelewa kupitisha sheria ya kuwaandikisha watu jeshini, na umri wa kuandikishwa ulishushwa kutoka miaka 27 hadi 25 mwaka 2024, karibu mwaka mmoja baada ya bunge kupitisha badiliko hilo. Uingereza iliwafundisha zaidi ya askari 50,000 wa Ukraine, mafunzo ya wiki chache kila kundi, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo kupanga nani aende mbele na kwa muda gani ni kazi ambayo hakuna mshirika anayeweza kuifanya kwa niaba ya mwenye nchi.

Makombora, vipuri na mafundi

Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi kuipa Ukraine makombora milioni 1 ya mizinga ndani ya miezi 12. Miezi 12 ilipokwisha, zaidi kidogo ya nusu ndiyo yaliyokuwa yamepelekwa. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Tangu vita baridi viishe, viwanda vya Ulaya vilikuwa vimezoea oda ndogo za wakati wa amani. Mwenye kiwanda hawezi kujenga mstari mpya wa uzalishaji kwa sababu ya hotuba. Anataka mkataba wa miaka kadhaa, ili mashine atakazonunua leo zisije zikakaa bila kazi. Serikali zilitangaza ahadi kwanza na kusaini mikataba baadaye, na miezi iliyopotea katikati haikurudi. Mwaka 2024 Jamhuri ya Czech ilikuja na mpango wa kutafuta makombora yaliyopo tayari nje ya Ulaya na kuyanunua kwa fedha za nchi mbalimbali. Ulifanya kazi kwa sababu uliuliza swali rahisi: yapo wapi sasa hivi?

Upande wa pili wa Atlantiki, tatizo lilikuwa siasa. Serikali ya Marekani iliomba fedha mpya kwa ajili ya Ukraine Oktoba 2023, na bunge likazikalia mpaka Aprili 2024, ndipo takriban dola bilioni 61 zikapitishwa. Katikati ya miezi hiyo, Februari, mji wa Avdiivka uliangukia mikononi mwa Urusi huku wapiganaji wa mizinga wa Ukraine wakipimiana makombora. Dola zilezile zingefika Novemba zingekuwa na thamani nyingine kabisa kwa mtu aliyekuwa kwenye handaki.

Kuna pia suala la aina za silaha, ambalo halipigiwi picha. Kila nchi ilitoa mizinga iliyokuwa nayo, na jeshi moja likajikuta na mizinga ya Ujerumani, Ufaransa, Poland, Marekani, Sweden na ile ya zamani ya Kisovieti, kila mmoja na vipuri vyake, vitabu vyake na mafundi wake. Mizinga ya Kijerumani ya PzH 2000 ilikuwa ikipelekwa mpaka Lithuania kutengenezwa. Mzinga ulio karakana nje ya nchi haulindi mtu. Mshirika makini hutoa silaha pamoja na vipuri, mafundi na makombora ya mwaka mzima, na ikiwezekana hutoa aina moja kwa wingi. Denmark ilifanya hivyo mwanzoni mwa 2023 ilipotoa mizinga yake yote 19 ya Caesar kwa mkupuo.

Kisha Denmark ikafanya jambo bora zaidi. Badala ya kununua silaha kwingine, ilianza kulipia silaha zinazotengenezwa na viwanda vya Ukraine vyenyewe, kuanzia mizinga ya Bohdana mwaka 2024. Inakuwa nafuu, inafika haraka, fundi yuko jirani, na ujuzi unabaki nyumbani. Droni ndogo zinazofanya kazi kubwa leo katika vita hivyo zinatengenezwa kwa wingi ndani ya Ukraine, na kinachokosekana mara nyingi ni fedha za kuzinunua.

Ulinzi wa anga bado ni eneo ambalo halina njia ya mkato. Tangu Oktoba 2022 Urusi imekuwa ikipiga mitambo ya umeme na joto kila baridi inapokaribia. Kombora moja la kujihami la mfumo wa Patriot linagharimu zaidi ya dola milioni 3, na linatengenezwa kwa idadi ndogo kwa mwaka. Kulitumia kuangusha droni yenye bei ya makumi ya maelfu ya dola ni hesabu ya kufilisika. Kwa hiyo Patriot zihifadhiwe kwa makombora ya masafa marefu, na kwa droni zitafutwe njia za bei nafuu: bunduki za kutungulia ndege, droni za kudaka droni, vifaa vya kuvuruga mawimbi.

Nani analipa mishahara ya walimu

Vita vinapoanza, uchumi wa mvamiwa husinyaa na matumizi yake hupaa. Ukraine hutumia sehemu kubwa ya kodi zake kwa jeshi. Pensheni, mishahara ya walimu na wauguzi, na fedha za watu waliokimbia makazi yao hutegemea wageni kwa kiasi kikubwa. Hilo halivutii kama kifaru, lakini nchi ambayo hospitali zake zimefungwa na sarafu yake imeporomoka haiwezi kupigana hata ikiwa na vifaru elfu. Umoja wa Ulaya ulielewa hivyo mapema 2024 ulipopitisha mpango wa euro bilioni 50 kwa miaka 4. Faida yake kubwa ni ile miaka 4: waziri wa fedha mjini Kyiv angeweza kupanga bajeti bila kusubiri kura ya bunge la mtu mwingine kila baada ya miezi michache.

Halafu kuna fedha za mvamizi mwenyewe. Mali za Benki Kuu ya Urusi zenye thamani ya karibu dola bilioni 300 zilizuiliwa nje ya Urusi mwaka 2022, nyingi zikiwa Ubelgiji katika taasisi ya Euroclear. Wanaotaka zichukuliwe wanasema aliyebomoa ndiye alipe. Wanaosita wanahofia kwamba benki kuu za nchi nyingine zitaogopa kuweka akiba zao Ulaya, na Ubelgiji inahofia kubebeshwa kesi peke yake. Mwaka 2024 nchi za G7, kundi la mataifa 7 tajiri, zilikubaliana njia ya katikati: mkopo wa dola bilioni 50 utakaolipwa kwa faida inayotokana na mali hizo, mali zenyewe zikibaki zimezuiliwa. Naona hoja ya kisheria ya wanaosita ina uzito, lakini nashindwa kukubali kwamba mlipa kodi wa nchi jirani awe wa kwanza kulipia majengo aliyoyabomoa mwingine, huku akiba ya aliyebomoa ikikaa salama.

Vikwazo vina nafasi yake, ila havisimamishi jeshi lililoko njiani. Kazi yake ni kuifanya kila wiki ya vita iwe ghali zaidi kwa mvamizi. Ukomo wa bei ya mafuta ya Urusi, dola 60 kwa pipa, uliowekwa Desemba 2022, ulipunguza mapato kwa muda, kisha Urusi ikakusanya meli kuukuu zenye umiliki wa kificho na kuendelea kuuza, hasa India na China. Vikwazo visivyofuatiliwa kila mwezi huota matundu. Kuhusu wakimbizi, Umoja wa Ulaya ulifanya vyema na upesi: Machi 2022 ulitumia kwa mara ya kwanza agizo lake la mwaka 2001 la hifadhi ya muda, na mamilioni ya watu wakapata haki ya kuishi, kufanya kazi na kusomesha watoto bila kupanga foleni za kesi za ukimbizi. Askari anayejua watoto wake wako darasani anapigana akiwa na mzigo mmoja pungufu.

Nani anaamua lengo

Washirika wakubwa wana kishawishi cha kugeuza vita vya ulinzi kuwa vita vyao. Mwaka 1950 majeshi yaliyokwenda kuiokoa Korea Kusini chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa yalifanikiwa ndani ya miezi michache kuwarudisha wavamizi nyuma. Kisha yakavuka mstari wa 38, uliozigawa Korea mbili, kwenda kuiunganisha Korea yote, China ikaingia vitani, na mapigano yakaendelea mpaka Julai 1953, karibu na palepale yalipoanzia. Mwaka 1991 muungano uliokwenda Kuwait ulikuwa na lengo lililoandikwa katika azimio namba 678, kuyatoa majeshi ya Iraq Kuwait, na ulipolifikia ukasimama. Wengi walilalamika wakati ule kwamba ulisimama mapema. Nadhani kusimama pale ndiko kulikoufanya muungano mpana kiasi kile, wenye nchi za Kiarabu ndani yake, uwezekane.

Kishawishi cha upande wa pili ni kumuuza mvamiwa ili kupata utulivu. Septemba 1938 mjini Munich, Uingereza, Ufaransa, Italia na Ujerumani ziliigawa Czechoslovakia wakati wajumbe wake wakisubiri nje ya chumba. Ilipofika Machi 1939 Wajerumani walikuwa Prague. Mazungumzo ya amani yanaweza kuwa machungu, na aliyevamiwa anaweza kulazimika kukubali mambo mazito. Lakini lazima awe ndani ya chumba na mkono wake uwe huru. Ndiyo maana nilisikitishwa na yaliyotokea Machi 2025, Marekani iliposimamisha kwa muda wa kama wiki moja misaada ya kijeshi na hata taarifa za kijasusi kwa Ukraine, baada ya mabishano ya wazi ya marais wawili mjini Washington. Taarifa za kijasusi ndizo zinazoonya kwamba kombora linakuja. Kuzikata ili kumlazimisha rafiki akubali msimamo fulani ni kumwadhibu raia aliyelala.

Kuweka masharti si kosa kila wakati. Anayetoa fedha za wananchi wake ana haki ya kujua zinakwenda wapi. Julai 2025 bunge la Ukraine lilipopitisha sheria ya kuzidhoofisha taasisi za kupambana na rushwa, waandamanaji waliingia mitaani Kyiv katikati ya vita, Umoja wa Ulaya ukaeleza wasiwasi wake wazi, na sheria ikarekebishwa ndani ya siku chache. Shinikizo lile lilikuwa halali kwa sababu lilisimama upande mmoja na wananchi wa nchi yenyewe, na halikugusa risasi za mtu aliye mbele.

Siku ya baada ya kusitisha mapigano

Desemba 1994, mjini Budapest, Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki katika ardhi yake baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika. Marekani, Uingereza na Urusi nazo zikaahidi kuheshimu mipaka yake. Waraka ule haukueleza nani angefanya nini ahadi ikivunjwa. Ulizungumzia kushauriana, na kupeleka jambo kwenye Baraza la Usalama endapo Ukraine ingetishiwa kwa nyuklia, baraza ambalo Urusi ina kura ya turufu. Mwaka 2008 mjini Bucharest, NATO ilitangaza kwamba Ukraine na Georgia zitakuwa wanachama siku moja, bila kutaja siku. Kwa hiyo zikapata uadui wote wa uanachama bila ulinzi wake. Georgia ilivamiwa Agosti mwaka huohuo, Crimea ikatwaliwa mwaka 2014.

Linganisha na Korea Kusini. Miezi michache baada ya mapigano kusimama mwaka 1953 ilisaini mkataba wa kulindana na Marekani, na askari wa Marekani wakabaki kwenye ardhi yake, wapo mpaka leo. Mkataba wa amani haujawahi kusainiwa, na bado vita vikubwa havikurudi.

Kwa hiyo mtu anayesoma rasimu yoyote ya dhamana za usalama kwa Ukraine, au kwa nchi nyingine iliyowahi kuvamiwa, aanze na mambo machache ya wazi. Je, imeandikwa nani anakuja, na nini, ndani ya saa ngapi? Makombora ya ulinzi wa anga yamehifadhiwa ndani ya nchi, au yatasafirishwa mabomu yakishaanza kuanguka? Viwanda vya pamoja vina mikataba ya miaka mingapi? Bunge la nchi inayoahidi limeidhinisha, au ni saini ya kiongozi mmoja anayeweza kuondoka kwenye uchaguzi ujao? Na kama ukiukaji ukitokea, uamuzi wa kutekeleza dhamana unahitaji ridhaa ya nani? Waraka wa Budapest ungepitishwa kwenye swali hilo la mwisho peke yake, udhaifu wake ungeonekana siku ileile ya kusainiwa.